Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujaunda Mhusika

SWALI: Nataka kuanza gemu za mtandaoni, zile ambazo maelfu ya watu huishi na wahusika wao katika ulimwengu mmoja. Wenzangu wananiambia "pakua tu uingie". Kweli hakuna cha kuangalia kwanza?

JIBU: Kipo, na cha kwanza ni seva, yaani kompyuta inayobeba ulimwengu utakaochezea. Katika World of Warcraft, kwa mfano, mhusika uliyemuunda kwenye seva za Ulaya hahamishiki kwenda za Marekani. Ukikosea, unaanza upya. Kama una marafiki wanaocheza tayari, waulize jina la seva yao kabla hujabonyeza chochote. Kama huna, chagua kanda iliyo karibu nawe.

Ukaribu una maana yake. Mwanga ndani ya faiba, nyaya za kioo zinazobeba mtandao, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 inakula angalau milisekunde 100 kwenda na kurudi, na njia halisi ya nyaya huwa ndefu zaidi. Kifurushi cha kasi kubwa hakiondoi hilo.

Pima mwenyewe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 50, acha nafasi, kisha anwani ya seva. Soma wastani wa milisekunde na idadi ya pakiti (vipande vya data) zilizopotea. Chini ya 100 utacheza kwa raha, 200 inavumilika. Pakiti zikipotea, hata mbili tatu tu kati ya 50, utaona adui anaganda kisha anatokea mgongoni kwako, na wastani mzuri hautakusaidia. Pima saa zile zile unazotarajia kucheza, si asubuhi wakati mtandao umelala. Mara nyingi mkosaji ni Wi-Fi ya nyumbani: chomeka waya upime tena kabla ya kumlaumu mtoa huduma. (Seva nyingine hazijibu amri hii kabisa, hapo tegemea kipimo kilichomo ndani ya gemu yenyewe.)

Ikiwa mtandao wako ni mzito na huna namna, anza na Old School RuneScape. Gemu hiyo huhesabu vitendo kila sekunde 0.6, hivyo kuchelewa kidogo hakukuumizi sana, na inachezeka hata kwenye simu.

SWALI: Final Fantasy XIV ni ya bure au ya kulipia?

JIBU: Ina toleo la majaribio lisilo na kikomo cha siku, hadi levo 70. Ila huwezi kutumia soko la wachezaji wala kushika zaidi ya gil 300,000, yaani sarafu za gemu hiyo. Usiharakishe kununua: akaunti ikishakuwa ya kulipia hairudi kuwa ya majaribio. Na ukinunua kwa Windows kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, nyongeza zote zinazofuata utazinunua huko huko.

SWALI: Nichague kuwa nani? Nimeambiwa mkinga, yule anayepokea mapigo kwa niaba ya wenzake, huingia vitani haraka, lakini naogopa kutukanwa.

JIBU: Ni kweli huingia haraka. Kikosi cha kawaida cha watu wanne katika Final Fantasy XIV huhitaji mkinga mmoja, mganga mmoja na washambuliaji wawili, na wanaojiandikisha kama washambuliaji ndio wengi, kwa hiyo wao ndio husubiri foleni.

Kosa la mkinga mgeni karibu kila mara ni moja: amesahau kuwasha hali ya ulinzi, ile inayowafanya adui wamlenge yeye. Matokeo yake, mganga akitibu mara mbili tu, wanyama wote wanamkimbilia yeye, anakufa, na kikosi kinafuata. Iwashe kabla ya pigo la kwanza. Kisha mgeuze adui awape wenzako mgongo, kwa sababu mapigo mengi hutoka mbele yake. Ukiingia mahali kwa mara ya kwanza, andika "mimi mgeni hapa". Wachezaji wengi wakisoma hivyo hupunguza mwendo.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: usibonyeze ujuzi kwa kipanya. Uweke kwenye vitufe 1 hadi 5, na mwingine kwenye Shift pamoja na namba hizo hizo. Kipanya kina kazi ya kugeuza kamera; kikihangaika na vitufe vya kwenye skrini, hutaona moto ulioko miguuni pako.

SWALI: Mchezaji mmoja ameahidi kunirudishia sarafu zangu mara mbili nikimpa.

JIBU: Ni tapeli. Atakurudishia kiasi kidogo mara ya kwanza, umwamini, kisha ataondoka na kubwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo, nenosiri lisiwe lile la barua pepe yako, na kiungo chochote unachotumiwa ndani ya gemu kikikutaka uingie kwenye akaunti, usikifungue.