Goti langu na kidole chako

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Picha ya kidole nimeiona. Mama yako aliikuza kwenye simu mpaka kinundu kikawa kama kiazi, usiku huo hakulala. Unauliza kama hicho kilichoota kwenye kidole gumba ni kile kile kilichokaa kwenye goti langu, na kama mimi ndiye niliyekurithisha.

La kurithi nalijibu kwanza: hapana. Langu ni uvimbe wa utando wa kiungo, si ugonjwa wa ukoo. Wala haikuwa kansa tuliyokuficha. Ulikuwa darasa la tano, tukakwambia goti la baba linauma, basi.

Nikueleze kama daktari alivyonieleza. Kiungo kina utando ndani, unaotoa ute wa kukilainisha, na kano nazo zimevikwa utando kama huo. Katika seli chache za utando, kromosomu namba 1 na namba 2, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya seli, hukatika na kuungwa kombo. Hilo hutokea humo humo kwenye uvimbe, mtu akiwa ameshazaliwa na kukua. Seli hizo huanza kutoa kwa wingi kitu kinachoita seli nyeupe za damu. Zinakuja, zinajazana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uvimbe si wenye kosa. Ni kama harusi: wenye shughuli wachache, waalikwa ndio wanaojaza uwanja.

Langu lilianza 2009. Nilikuwa nimepiga magoti nikifunga bawaba, kusimama nikaona goti limejaa. Likapungua, likajaa tena. Kila mtu hapa akasema baridi yabisi, na kwa ukungu wetu huu wa Mafinga nani angebisha? Nikakandwa kwa maji ya moto. Zahanati moja wakaninyonya maji kwa sindano mara tatu, kila mara wakiyamwaga na kunipa dawa ya maumivu. Mara ya tatu niliyaangalia kwenye bomba la sindano: rangi ya kahawia, kama maji yaliyolala na misumari kwenye kopo. Kumbe ni kutu kweli, kwa namna yake. Utando ule unavuja damu kidogo kidogo na chuma cha damu kinabaki. Hakuna aliyeniambia kwamba rangi ile ilikuwa na maana, na hilo bado linaniuma kuliko goti.

Eksirei haikuonyesha kitu. MRI ya Dar es Salaam, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ndiyo iliyoonyesha: utando wote wa goti umenenepa. Mwaka 1941 madaktari watatu wa Marekani, Jaffe, Lichtenstein na Sutro, waliuita ugonjwa huu kwa walichokiona: utando wenye rangi, vinyweleo na vinundu. Walidhani ni utando uliochokozwa tu. Siku hizi unahesabiwa kuwa uvimbe, na uko wa namna mbili. Wangu ni ule ulioenea, na goti ndilo makao yake makuu. Huo ni msumbufu. Nilipasuliwa, miaka minne ukarudi, nikapasuliwa tena. Kuukwangua wote ni kama kutoa gundi iliyokauka kwenye kila pembe ya droo. Wa pili hukaa mahali pamoja, kama kinundu kigumu, na hupenda vidole. Huo ukitolewa mzima, mara nyingi yanaishia hapo, ingawa nao unaweza kurudi.

Kama chako ndicho hicho, umepata ule mpole. Lakini si mimi wa kusema, wala fundi mwenzako wa cherehani anayekwambia ukibonyeze kwa sarafu. Mulika kwa tochi ya simu gizani: kifuko cha ute hupitisha mwanga, kinundu kigumu hakipitishi. Hilo ni la kutuliza hamu tu, halichukui nafasi ya daktari. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, uwaambie kimeanza lini na kama kinakua. Wakikitoa, uliza kama kinyama kinakwenda maabara. Mimi ningekuwa wewe nisingeondoka mpaka nisikie ndiyo.

Umeuliza pia habari za vidonge. Vipo. Marekani waliruhusu kimoja mwaka 2019, peksidatinibu, kwa uvimbe ambao kisu hakiuwezi. Kinawaziba masikio wale waalikwa wasisikie mwito. Ila kinaweza kuumiza ini vibaya, hivyo hupewi bila kupimwa damu mara kwa mara. Kwa kinundu cha ukubwa wa harage usihangaike nacho.

Mkasi shika kwa mkono wa kushoto kwanza, hata kama sare za shule zitachelewa. Gharama watakazokutajia niambie usiku. Mchana simu naiacha ndani, vumbi la mbao limeshaniulia moja.

Baba yako