Mafuta ya msafara wa pikipiki yatolewe Lindi, si Mtwara

Mkuu, futa tangazo hilo la mafuta ya bure kabla halijafika kijiwe cha pili. Umeuliza mambo manne kuhusu msafara wako wa pikipiki kutoka Mtwara hadi Lindi wa kuchangia vitanda vya zahanati, yaani vibali, njia, fulana na chakula cha mchana, lakini jambo litakalokuangusha umeligusia mwishoni tu, kana kwamba limekwisha kuamuliwa: kwamba bodaboda 100 wa kwanza kufika mahali pa kuanzia Mtwara watajaziwa matangi bure ili wahamasike. Fedha za vitanda zitaishia hapo, kama fedha zetu za madawati zilivyoishia.

Sisi, kwenye msafara wetu wa pikipiki wa kuchangia madawati, tulikuwa na michango ya walimu, wauza samaki na wafanyabiashara wachache wa korosho. Tulikuwa pia na mtaalamu wa matukio kutoka Dar es Salaam, ambaye tulimlipia nauli, malazi na posho ili atufundishe kwamba bodaboda hasogei mpaka tangi lake lijae. Aliyasema hayo kwa kujiamini kwa mtu ambaye hakuwa amechanga hata shilingi, na sisi wenyeji, tunaopanda bodaboda kila siku, tukanyamaza kwa sababu alikuwa na kompyuta na sisi tulikuwa na daftari. Tangazo likapita redioni kwamba mafuta ni bure kwa kila mshiriki. Neno "mshiriki" hakuna aliyelisikia.

Asubuhi ya siku yenyewe walikuja waliojiandikisha, wakaja wasiojua msafara unaelekea wapi, na akaja bwana mmoja na dumu mkononi, akieleza kwamba pikipiki yake imeharibika iko nyumbani ila moyo wake uko pamoja nasi. Nilicheka sana, kwa kuwa bili ilikuwa bado haijaletwa. Tulipofika Mikindani, ambako ni mwendo wa kilomita kama kumi tu, zaidi ya nusu ya msafara ulikuwa umeyeyuka, na baadaye tukaambiwa kwamba baadhi ya washiriki wetu walionekana wamepakia abiria kwenye barabara ya Naliendele, ambayo haikufikishi Lindi hata ukiishika ramani juu chini. Mtaalamu alikuwa mbele kwenye gari akipiga picha, na katika taarifa yake aliandika kwamba mwitikio ulivuka matarajio. Ni kweli ulivuka. Sidhani kama kuna kamati nyingine ya madawati huku kusini iliyowahi kumfurahisha mwenye kituo cha mafuta kiasi kile.

Lawama zangu haziwaendei vijana wenyewe. Wengi wao wanaendesha pikipiki za watu wengine, na jioni tajiri anataka hesabu yake, iwe umekwenda kuchangia madawati au umelala. Wengine wako kwenye mkataba na wakikosa marejesho wanaweza kunyang'anywa chombo. Kijana wa namna hiyo ukimpa tangi lililojaa saa moja asubuhi, umempa mtaji wa siku nzima, halafu unamwomba auache mji wenye abiria akakae barabarani akipiga honi. Mtaalamu wa hamasa alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa tazama hesabu, kwa sababu hata wote wangekuwa waaminifu bado tungepata hasara. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni kilomita zipatazo 110. Pikipiki za kawaida za bodaboda, zile zenye injini ya cc 125 au 150, zikiendeshwa kwa mwendo wa msafara hutembea kilomita 40 na zaidi kwa lita moja, kwa hiyo lita tatu zinamfikisha mtu na lita tatu nyingine zinamrudisha. Tangi huingia lita kumi na ushee. Ukisema "jaza", unanunua karibu maradufu ya safari yote, na kwa watu 100 ziada hiyo peke yake ni mamia ya lita. Zidisha kwa bei ya pampu, ukikumbuka kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo bajeti ya mwezi uliopita inaweza kuwa imekwisha kuharibika kabla hujaondoka.

Kwa hiyo mafuta yatolewe mwisho wa safari. Kila mtu aje na mafuta yake ya kwenda, na akifika Lindi apewe lita sita katika kituo mlichokubaliana nacho mapema, kwa vocha iliyoandikwa namba ya pikipiki, idadi ya lita na sahihi ya mhazini. Orodha ifungwe siku kadhaa kabla, na kituo kipewe nakala yake, ili mhudumu wa pampu asiwe na mamlaka ya kumhurumia mtu. Mfanyabiashara akikuahidi mafuta, aahidi lita na si fedha, kisha ahadi hiyo iende moja kwa moja kituoni bila kupita mfukoni mwa mwanakamati yeyote, hata mimi. Watakaojitoa watakaposikia mafuta yako Lindi ni wale wale ambao wangekuacha Mikindani. Tofauti ni kwamba safari hii watajitoa bure.

Kuhusu vibali, sheria inataka polisi wa eneo wapewe taarifa ya maandishi saa 48 au zaidi kabla ya maandamano, nawe usingoje ukomo huo, kwa sababu unavuka mikoa miwili na ni busara wakuu wa usalama barabarani wa Mtwara na wa Lindi wote wawe na barua yako pamoja na orodha ile ile ya namba za pikipiki, ambayo umekwisha kuitengeneza kwa ajili ya vocha. Asiye na leseni au helmeti asiingie kwenye orodha. Tarehe isiangukie msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, kwani malori ya mizigo kutoka upande wa Masasi huingia barabara yenu pale Mingoyo yakielekea bandarini Mtwara, na tena huo ndio wakati ambao watu wana fedha na bodaboda hana haja na lita zako sita.

Vocha zenyewe mpe mtu atakayetangulia Lindi kwa basi la alfajiri. Akiwa ndani ya msafara, wataanza kumwomba kabla hamjaiacha Mikindani.