Mama anakoholea ndani ya shuka

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 79, naishi naye mimi. Huu mwezi wa pili kifua chake kimejaa makohozi. Mchana ana nafuu, usiku kifua kinamkoroma na kikohozi hakimwachi mpaka alfajiri. Akila naye huwa anapaliwa. Nimeshamnywesha chupa tatu za dawa ya kikohozi, hamna kitu. Juzi usiku nilichoka nikamfokea: "Mama, si utulie watu walale!" Tangu siku hiyo anajiziba mdomo kwa shuka ndipo akohoe. Roho inaniuma. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo shuka, maana ndilo lililonikaa moyoni. Mama yako ameona haya. Anakibana kikohozi ili wewe ulale, na kila akikibana, makohozi yanabaki palepale kifuani. Basi leo kaa kitandani kwake, mshike mkono, umwambie: "Mama, nisamehe, nilichoka. Kohoa, utoe." Kisha mwekee kopo lenye mfuniko na karatasi laini mahali mkono wake unapofika. Akishaona kwamba kutema kwake hakukukirihi, ataliachia shuka.

Zile chupa ziweke kando kwanza. Baadhi ya dawa za kikohozi kazi yake ni kukizima, na mzee mwenye makohozi mengi hatakiwi kuzimiwa kikohozi. Zile za mafua zenye kuleta usingizi ndizo nazihofia zaidi: hukausha makohozi yakawa mazito, na mzee zinaweza kumvuruga akili, kumtia kizunguzungu akaanguka, hata kumzuia mkojo.

Anachohitaji ni msaada wa kuyatoa. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi kuyapandisha juu. Uzeeni ufagiaji huo hupungua kasi, na misuli ya kifua nayo hulegea, ndiyo maana anakohoa mara kumi akapata tone. Mfundishe hivi: aketi wima, miguu igusie chini. Apumue polepole mara tatu nne. Avute pumzi ndefu kiasi, aishike kidogo, halafu aitoe kwa mkupuo mdomo ukiwa wazi, "haaa", kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Mara moja au mbili, ndipo akohoe. Akisikia kizunguzungu, apumzike. Mfanye nyote wawili, wewe na yeye, asijione mgonjwa peke yake.

Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa ili makohozi yalainike, ila kama moyo au figo zina tatizo, daktari ndiye aseme kiasi. Usiku mwinue kuanzia mgongoni, si kichwa tu. Mto mmoja chini ya kichwa humkunja shingo. Moshi wa aina yoyote usimfikie. Na tafadhali, usimwinamishe mzee juu ya sufuria la maji yanayochemka kujifukiza. Mkono ukitetemeka kidogo tu, ataungua.

Kuna neno umelipita haraka katika barua yako: akila anapaliwa. Mimi hapo ndipo ninapoweka kidole. Chakula, kinywaji au mate yakipotea njia yakaingia mapafuni, huleta makohozi yasiyokwisha na hata nimonia. Ale akiwa amekaa wima, tonge dogo, ameze kwanza ndipo apewe jingine, na usimzungumzishe kinywa kikiwa na kitu. Akimaliza akae hivyo hivyo nusu saa. Kinywa kisafishwe asubuhi na usiku, na meno ya bandia, kama anayo, yasilale mdomoni.

Na hospitali mwende wiki hii. Kikohozi kilichopita wiki 2 kinataka kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, na usiseme "mbona hana homa", kwani mzee anaweza kuumwa sana bila kuchemka mwili. Bebeni dawa zake zote. Kama anatumia enalapril, captopril au lisinopril kwa ajili ya presha, zitaje, maana kundi hilo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Ila asiache dawa hata siku moja kabla daktari hajasema. Mweleze daktari kuhusu kupaliwa, na kama akilala chali anakosa pumzi au miguu inamvimba, huenda shida iko kwenye moyo. Andika kwenye daftari kikohozi kinapoanza: akila, akilala, au akiamka. Daktari atalihitaji sana.

Ukiona damu kwenye makohozi, midomo kuwa ya buluu, anatweta hata akiwa ametulia, kifua kinamchoma, au ghafla anaongea mambo yasiyoeleweka, usisubiri kupambazuke.

Wewe nawe, miezi miwili bila usingizi ingemfanya yeyote afoke. Tafuta mtu mmoja, ndugu au jirani unayemwamini, akushikie zamu usiku mara mbili kwa wiki, na umwonyeshe ile "haaa" ili mama asirudi kwenye shuka wewe ukiwa umelala. Mkishaonana na daktari, niandikie alichosema.