Je, kuna faida binti kujiunga na kikundi cha wasichana?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Binti yangu ana miaka 14 na anataka kujiunga na kikundi cha wasichana kinachokutana kila Jumamosi alasiri kwa darsa, kazi za mikono na michezo. Baba yake anasema anayoyapata madrasa yanamtosha, na kwamba vikundi huwapotezea mabinti muda. Je, kuna faida yoyote kidini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Asili ya jambo hili ni kuruhusika, na linaweza kupanda daraja likawa lenye kupendekezwa, kwa kuwa kikundi ni njia tu, na njia hupewa hukumu ya kile inachofikisha. Amepokea Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa sahaba Abu Said al-Khudri kwamba wanawake walimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa wanaume wamewazidi katika kupata muda wake, wakamwomba awatengee siku yao, naye akawaahidi siku, akakutana nao, akawawaidhi na kuwaamrisha. Hawakuwa wamekatazwa kuhudhuria msikitini. Walitaka kikao chao wenyewe, na hawakulaumiwa kwa hilo.

Hapa ndipo ninapoiona faida kubwa, mama yangu. Binti wa umri huu huwa na maswali ambayo hatamuuliza ustadhi mbele ya wavulana, na pengine hata wewe atakuonea haya. Akiona umanjano baada ya damu ya hedhi, aoge aswali, au asubiri? Wanawake wa zama za mwanzo walikuwa wakimpelekea Bi. Aisha (R.A.), mke wa Mtume, pamba yenye umanjano huo, naye akiwaambia wasifanye haraka mpaka waone ute mweupe. Binti asiyekuwa na wa kumuuliza huweza kuacha swala zilizomwajibikia, au akaswali akiwa bado hajatahirika, kwa miaka mingi bila mtu kujua.

Ama michezo, isikutie shaka. Imethibiti kwamba Bi. Aisha alikuwa na marafiki waliokuwa wakicheza naye, na Mtume (S.A.W.) alipoingia wakajificha, alikuwa akiwarejesha kwake waendelee.

Hata hivyo, hofu ya mumeo ina msingi, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mtu hufuata dini ya rafiki yake, basi kila mmoja aangalie anafanya urafiki na nani. Kikundi kinachowafundisha wasichana kuwaficha wazazi wao mambo, au kinachogeuka kuwa baraza la kusengenya (na haya hutokea hata penye jina zuri), hakifai. Kwa hiyo nenda ukakae nao Jumamosi mbili tatu, umjue mwalimu wao ni nani na elimu yake ameipata wapi, uone kama Alasiri inaswaliwa kwa wakati wake na kama wanaachiwa warudi nyumbani kabla ya Magharibi, kisha umweleze mumeo ulichokiona bila kukipamba. Asiporidhika baada ya hapo, binti asiende kwa siri, kwa sababu kumtii baba katika jambo lisilo la maasi ni wajibu, na kikundi si wajibu. Lakini yale maswali yake bado yanahitaji mwanamke mwenye elimu wa kumjibu, na ni juu yenu nyote wawili kumtafutia.

Wallahu aalam.