Breki Zinazozama Kwenye Mteremko

SWALI: Ndugu Mhariri, vani yangu hubeba viazi na kahawa kutoka Kapchorwa hadi Mbale. Mara mbili sasa, nikikaribia mwisho wa mteremko, pedali ya breki imezama hadi chini, kisha ikarudi kuwa ngumu baada ya gari kupoa. Fundi amebadilisha pedi na haoni kosa lingine. Je, niendelee na kazi?

Mwenye vani, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, usipakie mzigo hata mmoja kabla mafuta ya breki hayajabadilishwa yote, kwani pedali inayozama kwa joto na kupona gari likipoa humaanisha, mara nyingi, kwamba mafuta hayo yamezeeka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji yanaweza kuchemka yakifika 140. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke, tofauti na mafuta, hubanwa kwa urahisi, hivyo nguvu ya mguu wako haifiki kwenye magurudumu. Fundi wako simlaumu sana, kwa kuwa gari likiwa limepoa gereji hapana cha kuonekana.

Mwambie atumie mafuta ya chupa isiyofunguliwa, atoe hewa kwenye mabomba yote, na akague mipira ya breki pamoja na silinda kuu. Nawe teremka kwa gia ndogo tangu juu, bila kukanyaga breki mfululizo.