Leso yangu ilikuwa inatoka nyeusi

Juzi msomaji wangu mmoja, mama lishe wa Mwanza, kaniandikia: "Dada, nakohoa tangu Januari. Dawa nimemaliza, ila mkaa siuachi, maharage ya gesi hayaivi." Niliisoma mara mbili, nikajiona mimi mwenyewe wa zamani.

Nimepikia Manzese miaka tisa. Banda la mabati, majiko matatu ya mkaa, mlango mmoja. Alfajiri nilikuwa nawashia kwa vipande vya plastiki maana vinashika haraka, nainama, napuliza, machozi yananitoka. Jioni nikipenga kamasi, leso inatoka nyeusi kama niliyofutia sufuria. Kikohozi nikasingizia vumbi la barabarani. Malori ya dizeli yalikuwepo kweli, na jirani alichoma taka kila jioni, lakini moshi mwingi nilioumeza niliuwasha kwa mkono wangu.

Siku niliyoshindwa kubeba ndoo ya maji ndipo nikaenda hospitali. Daktari akanipulizisha kwenye mashine, akasema njia za hewa zimebana na haziwezi kurudi zote kama zamani. Nililia kwa sababu ya mwanangu. Miaka yote ile alikuwa mgongoni kwangu, na alishalazwa mara mbili kwa nimonia. Hilo bado linaniuma hadi leo ninapoandika.

Miezi ya kudunduliza siisimulii. Nilicheza upatu, zamu yangu ilipofika nikanunua mtungi wa kilo 15 na jiko la plati mbili. Wifi yangu akasema mbele ya wateja kwamba nimekuwa mvivu, chakula cha gesi hakina ladha. Wateja wengine wakahama. Mwezi uliopita nimefungua mgahawa wa pili, na wifi alikuja kula. Aliomba aongezewe maharage.

Maharage yenyewe ni haya: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia kwenye presha kuka. Hayafiki saa nzima, na gesi inayotumika ni kidogo.

Najua wewe unayenisoma unataka banda lako liwe mgahawa. Utauendeshaje bila pumzi? Mkaa ukishakolea hauonyeshi moshi, ndiyo maana tunauamini. Kumbe hapo unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Watu wamelala na jiko chumbani kwa ajili ya baridi, hawakuamka. Chembe za moshi nazo ni ndogo mno, zinapita puani hadi ndani kabisa ya mapafu, zinaumiza mpaka moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo zaidi ya 237,000. Serikali yetu imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Mapafu yako hayawezi kusubiri mpaka 2034. Acheni mkaa, mama zangu. Acheni mkaa.

Wewe wa Mwanza, kama mtungi bado, basi leo hii toa majiko nje ya banda, usiwashie plastiki tena, na mtoto akae mbali na moto. Kesho nenda kapime kifua. Halafu niandikie wamekwambia nini.