Mpira mmoja, watoto 80: maswali yenu ya kipindi cha michezo

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kabla sijaanza niseme kipimo changu mapema maana majibu mengi yanatokea hapo: katikati ya kipindi geuka uangalie ni watoto wangapi wamesimama wanasubiri zamu. Wakiwa wengi, badilisha mchezo hapohapo, usisubiri wiki ijayo.

Ticha, nina darasa la tano, watoto 80 na ushee, mpira wenyewe mmoja na unavuja upepo. Nafanyaje? (Mwalimu, Mbalizi)

Huo mpira weka ofisini mwalimu wangu, cheza rede. Watoto wanaijua tayari kwahiyo hupotezi robo saa kuelezea. Shida ya rede ya mtaani ni moja tu, wawili wanarusha, wa katikati akipigwa anatoka anakaa pembeni, na anayetoka wa kwanza ni yuleyule mzito ambaye ndo alihitaji kukimbia kuliko wote. Sasa wewe fanya hivi: gawa vikundi vya watu nane nane, wawili warushaji, wawili waokotaji nyuma yao, wanne katikati wanakwepa huku wanajaza mchanga kwenye chupa ya maji, na aliyepigwa hatoki, anabadilishana na aliyempiga. Mrushaji aliyepoa anaenda kuokota, muokotaji anarusha. Kichwani marufuku.

Vikundi kumi vinataka mipira kumi, usiogope, kila mtoto aje na soksi kuukuu au matambara. Unakunja matambara mpaka yawe kama ngumi, unayafunga kwa kamba iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, unaingiza kwenye soksi mpaka kidoleni, unaisokota soksi pale juu alafu unaigeuza inarudi kuufunika mpira, unasokota tena, unageuza tena, mpaka soksi iishe, kisha unashona ule mdomo. Usiweke jiwe ndani hata dogo eti upate uzito, mtu ataumia jicho. Zamani tulitumia mifuko ya rambo lakini ile ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kusema kweli mpira wa matambara ni bora zaidi kwa rede maana hauumi.

Kipindi changu kipo saa mbili asubuhi. Juni na Julai umande unaganda kwenye nyasi, watoto wanajikunyata tu. (Mwalimu, Makete)

Pole sana, baridi ya Makete haina mzaha. Hapo usithubutu mchezo wa foleni, mtoto akisimama dakika tano ameganda. Anza na kutembea haraka kuzunguka uwanja dakika tatu hivi ukikagua utelezi, hasa kwa waliovaa malapa, alafu cheza mikia. Nenda kwa fundi cherehani umuombe vipande vya vitenge, anavyo vingi na huwa anatupa. Kila mtoto anachomeka kipande kiunoni nyuma, nusu ining'inie, ukipiga makofi kila mtu anamwinda kila mtu. Ukinyang'anywa mkia hutoki, unaendelea kunyang'anya na unachomeka uliopata. Kuushika mkia wako hairuhusiwi, kukaa chini wala kuegemea ukuta hairuhusiwi. Baada ya raundi mbili utaona wenyewe wanavua masweta. Ila wahakikishe wanayavaa tena kabla ya kuingia darasani, jasho likipoa mwilini kwa ile baridi ni balaa.

Huku mvua ikianza ndo imeanza, uwanja matope tupu. (Madam, Tukuyu)

Ndaga madam. Darasani humo humo, madawati yakiwepo: "mwalimu kasema". Ukisema "mwalimu kasema ruka" wanaruka, ukisema "ruka" peke yake anayeruka anachuchumaa na kuinuka mara tano alafu anaendelea, hatolewi. Wakichoka, mdako: duara la chaki sakafuni, kokoto kumi na mbili, watu wanne wanne. Jasho halitoki sana lakini mkono na jicho vinafanya kazi kwelikweli.

Uwanja wetu ni mteremko, mpira ukitoka unafuatwa bondeni. (Mwalimu, Njombe)

Basi utumie huo mteremko. Watoto wote chini, wakamataji watatu katikati, ukitoa ishara wanakimbia kupanda, anayeguswa anageuka mkamataji. Kushuka ni kutembea tu, hilo lisimamie kwa ukali, maana kuteremka mbio ndiko kunakovunja watu mikono. Kupanda kwenyewe kunatosha, hewa ya huku juu ni nyepesi na mtoto aliyehamia kutoka Dar atahema kuliko wenzake wiki za mwanzo, usimuite mvivu.

Kamwene mwalimu. Mwanangu ana pumu, nimwambie asicheze kabisa? (Mama, Iringa)

Kamwene mama. Hapana, acheze, ila kwa mpango wa daktari wake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili, na kumkalisha kila siku pembeni kunamuumiza kwa namna nyingine. Vinavyomchokoza ni hewa ya baridi kavu na vumbi, kwahiyo aanze taratibu karibu dakika kumi, ajifunge skafu mdomoni na puani asubuhi, na mwalimu amwagie uwanja maji kiangazi. Pampu yake ya pumu iwe mfukoni mwa mwalimu au mtoto, sio kabatini ofisini kwa mkuu ambaye kaenda mjini! Akianza kukohoa au kifua kupiga filimbi aache kucheza, akae wima, avute dawa ya pampu kama alivyoelekezwa. Asipopata nafuu au akishindwa kumaliza sentensi, hospitali moja kwa moja.

Wasichana wa darasa la saba wanakaa tu chini ya mti. (Mwalimu, Uyole)

Mara nyingi ni sketi, dada yangu. Ruhusu bukta au traki ndani, uone. Pili chandimu ya watu 22 wavulana wanaimeza yote, kata uwanja vipande, wanne kwa wanne, magoli ya mawe, na goli lisihesabiwe mpaka wote wanne wameugusa mpira. Aliye kwenye siku zake achague mwenyewe, kucheza au kushika saa, na asiulizwe mbele za watu.

Sina filimbi. (Mwalimu, Mafinga)

Makofi matatu wewe, matatu wao, kimya. Uwanja ukiwa mkubwa gonga kengele ya rimu ya shule, ila mwambie mkuu kwanza, la sivyo madarasa mengine yote yatatoka nje yakidhani ni mapumziko.